Bomba la mshtuko au tangi la kudondosha? Namna ya kuchagua jaribio la Richtmyer-Meshkov

Wimbi la mshtuko likipita kwenye mpaka wa gesi mbili zisizo na uzito sawa, mpaka huo hauwezi kubaki kama ulivyokuwa. Vijikunjo vidogo vilivyokuwepo tangu mwanzo hukua, gesi nzito hujichomeka ndani ya nyepesi kama miiba, nyepesi hupanda ndani ya nzito kama mapovu, vichwa vya miiba hujikunja kama uyoga, na mwisho gesi zote mbili huchanganyika. Robert Richtmyer aliandika hesabu yake mwaka 1960, na Evgeny Meshkov akaithibitisha maabarani mwaka 1969, ndiyo maana tukio hili hubeba majina yao mawili. Linawahusu wanaobana fueli ya muunganisho wa nyuklia kwa leza, wanaochanganya fueli na hewa kwenye injini zenye kasi kuliko sauti, na wanaochunguza nyota iliyolipuka mwaka 1987, ambayo tabaka zake za ndani zilijitokeza nje mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Makala haya ni ya kundi la wanafunzi au wahandisi wa Lubumbashi, Goma au Bukavu walioamua kulifanya jaribio hili kwa mikono yao na wamekwama kwenye swali moja: tujenge kifaa gani? Njia tatu ziko ndani ya uwezo wa karakana ya kawaida: bomba la mshtuko lenye utando kati ya gesi mbili, bomba la mshtuko lisilo na utando, na tangi la vimiminika linalodondoshwa juu ya springi. Majaribio ya leza kubwa tumeyaacha, kwa sababu hayo huombewa nafasi nje, hayajengwi hapa.

Vigezo

Cha kwanza ni swali lenyewe la utafiti. Kupima jinsi kijikunjo kinavyokua mwanzoni ni kazi moja. Kupima kiasi ambacho molekuli za pande mbili zimechanganyika ni kazi nyingine, na kifaa kinachofaulu kwenye ya kwanza kinaweza kushindwa kabisa kwenye ya pili.

Cha pili ni tofauti ya uzito, ambayo hupimwa kwa namba ya Atwood: uzito wa ujazo wa kitu kizito ukiondoa wa chepesi, kisha ugawe kwa jumla yao. Hewa na SF6 (salfa heksafloridi, gesi nzito sana) hutoa karibu 0.67. Hewa na CO2 hutoa 0.2 hivi. Heliamu na CO2 hufika 0.83. Kasi ya kukua kwa kijikunjo kwenye kanuni ya Richtmyer ni zao la vitu vinne: namba hiyo, kasi ambayo mpaka umerushwa nayo, kimo cha kijikunjo baada ya kubanwa, na 2π ikigawanywa kwa urefu wa wimbi.

Cha tatu ni mpaka wenyewe: je, unaujua umbo lake kabla ya mshtuko, na je, ni mwembamba? Cha nne ni picha, na hapa ndipo bajeti nyingi hufia. Vinavyobaki ni urefu wa dari, umeme, na usalama.

Jambo moja la kwetu lizingatiwe kabla ya kununua chochote. Lubumbashi iko mita 1,200 na ushee juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama kPa 88. Goma na Bukavu ziko karibu na mita 1,500, na shinikizo ni kama kPa 85. Nguvu ya mshtuko hutegemea uwiano wa shinikizo la pande mbili za kiwambo, yaani karatasi inayoizuia hewa iliyobanwa na ambayo ikipasuka huachia mshtuko; haitegemei namba ya geji peke yake. Kwa mshtuko wa Mach 1.2 (kasi mara 1.2 ya ile ya sauti), hewa ikiwa pande zote mbili, uwiano ni 2.35. Ufukweni hiyo ni geji ya kPa 137, Lubumbashi ni kPa 119, Goma ni kPa 115. Ukinakili 137 kutoka kitabu cha Ulaya ukaitumia Lubumbashi, utapata Mach 1.22 badala ya 1.2, kisha utahangaika wiki nzima kutafuta kosa ambalo halipo kwenye kifaa.

Bomba lenye utando

Vipimo vinavyofanya kazi ni hivi. Chumba cha shinikizo kina urefu wa mita 1. Bomba linalofuata ni la mraba, sentimita 10 kwa 10 kwa ndani, mita 2.5 hadi kwenye mpaka wa gesi, kisha sentimita 80 za sehemu ya kutazamia zenye madirisha. Kwa urefu huo, wimbi la kulegeza, lile linaloshusha shinikizo, linalorudi kutoka nyuma ya chumba cha shinikizo huchelewa kufika kwenye mpaka kwa karibu ms 4.7 (ms ni sehemu ya elfu ya sekunde) baada ya mshtuko. Huo ndio muda safi wa kupima, ila usisahau kwamba mshtuko wenyewe hugonga ukuta wa mwisho na kurudi kuupiga mpaka mara ya pili.

Chumba cha shinikizo kiwe cha chuma. Bomba la PVC lisitumike kamwe kwa hewa iliyobanwa: likipasuka hutoa vipande vikali vinavyoruka kama risasi. Kabla ya matumizi, jaza chumba maji na upandishe shinikizo hadi mara moja na nusu ya lile la kazi, kwa sababu maji hayalipuki kama hewa. Madirisha yawe ya polikaboneti ya mm 10 au 12. Akriliki huvunjika vipande pale inapotobolewa vibaya matundu ya boliti. Kwa Mach 1.2 kiwambo hubeba kama nyutoni 1,200, sawa na uzito wa mtu mnene. Kwa Mach 1.5 uwiano wa shinikizo hupanda hadi 7, na nguvu hiyo hupita nyutoni 5,000. Anzeni na 1.2. Chumba chenyewe ni lita 10 tu, kwa hiyo hata pampu ya mguu hukijaza pale umeme unapokatika.

Kiwambo kinaweza kuwa karatasi ya plastiki ya projekta au sehemu ya foili, kikitobolewa kwa sindano kutoka nyuma. Kila aina mpya ya karatasi ipimwe kwanza: ifunge, pandisha shinikizo polepole hadi ipasuke, rudia angalau mara tatu. Zikitofautiana sana, itupeni aina hiyo. Kiwambo kinachopasuka nusunusu hutoa mshtuko uliopinda, na picha zake hazisomeki.

Utando wa kutenga gesi ndio moyo wa njia hii. Meshkov alitumia nitroselulosi nyembamba sana. Rangi ya kucha isiyo na rangi ina nitroselulosi hiyohiyo: tone moja likiangushwa juu ya maji matulivu husambaa likawa ngozi, na fremu ikiinuliwa kutoka chini huichukua. Fanyeni hivyo mbali na moto, madirisha yakiwa wazi. Umbo la mawimbi hutolewa na nyaya nyembamba zilizokunjwa, ambazo utando hulazwa juu yake. Wengine hutumia ngozi ya sabuni, ambayo mshtuko huigeuza matone madogo badala ya vipande.

Uzuri wake ni kwamba mpaka ni mkali kama wembe na umbo unalichagua wewe. Bomba linaweza kulala chini, kwa hiyo dari haijalishi. Gesi yoyote inafaa, pamoja na heliamu.

Ubaya wake ni vipande vya utando. Havitoweki. Huenda pamoja na mpaka, huzuia miiba midogo isikue, na kwenye picha huonekana kama uchafu usioweza kuutenga na mchanganyiko wenyewe. Nyaya nazo huacha mkia wa mizunguko nyuma yao. Kasi ya mwanzo inapimika kwa uaminifu wa kuridhisha, lakini anayetaka kusema kwamba gesi zimechanganyika kwa kiasi fulani baada ya ms 3 asitumie njia hii, maana utando umemharibia jibu. Hapa hatuna shaka.

Picha ni mtihani. Baada ya mshtuko wa Mach 1.2 hewa inakwenda karibu m/s 106, na mpaka wa hewa na CO2 karibu m/s 97. Simu inayopiga picha 240 kwa sekunde hukupa picha moja kila ms 4, wakati jaribio limekwisha. Suluhisho la bei nafuu ni picha moja kwa kila mpigo: chumba kiwe giza, kamera iwe wazi, na taa ya LED iwake kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde (µs 1) katika wakati uliochaguliwa. Kwa µs 1 mpaka husogea mm 0.1 tu, na picha hutoka safi. Flashi ya kawaida ya kamera, hata kwa nguvu ya chini kabisa, hukaa makumi ya µs, na picha hutanuka milimita kadhaa. Mkirudia kwa ucheleweshaji tofauti mnapata mfululizo, mradi kila mpigo ufanane na mwenzake. Kivuli cha moja kwa moja kwenye skrini kinatosha kuanzia. Kioo cha darubini huongeza uwezo wa kuona lakini si cha lazima.

Kasi ya mshtuko hupimwa kwa vidude viwili vya piezo, vinavyotoa umeme vikigongwa, vile vya kengele ndogo za elektroniki, vikiwekwa sawasawa na ukuta wa ndani kwa umbali wa sentimita 50. Kwenye nyuzi 25 mshtuko wa Mach 1.2 huchukua ms 1.20 kati yake. Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, husoma kwa hatua za µs 4, ambayo ni kosa la sehemu 3 kwa elfu. Wekeni diodi ya zena, inayozuia volti zisizidi, kwa sababu piezo ikigongwa hutoa volti zinazoweza kuua mlango wa Arduino.

Bomba lisilo na utando

Bomba ni lilelile, isipokuwa sharti lisimame wima, gesi nzito ikiwa chini, kwa hiyo mnahitaji dari ya zaidi ya mita 4.5. Hewa huingizwa juu, karibu na kiwambo. CO2 huingizwa chini kabisa. Zinakutana katikati na kutoka kupitia nyufa nyembamba kwenye kuta mbili zinazotazamana, na hapo zinapokutana ndipo mpaka. Jones na Jacobs walichapisha njia hii mwaka 1997. Mawimbi hutengenezwa kwa kulitikisa bomba lote polepole kwa upande hadi gesi zianze kuyumba kama maji kwenye ndoo.

Kwa bomba la sentimita 10 kwa 10, mtiririko wa lita 6 kwa dakika kila upande ni kasi ya sentimita 1 kwa sekunde. Dakika 6 zinatosha kuisafisha sehemu ya chini mara nne na zaidi. Kila mpigo hula chini ya lita 40 za CO2, na kilo moja ya CO2 hutoa zaidi ya lita 550, kwa hiyo mtungi wa kilo 10 kutoka kwa wauzaji wa gesi za kuchomelea hutosha zaidi ya mipigo 100.

Gharama inayofichika ni unene wa mpaka. Gesi hupenyana zenyewe, na kwa mtiririko huo mpaka hufikia sentimita moja hivi. Mpaka mnene hukua polepole kuliko kanuni inavyotabiri. Anayepima unene kabla ya mpigo hurekebisha hesabu yake, asiyepima hulaumu Richtmyer bure. Kuongeza mtiririko huukonda mpaka, lakini ukizidisha, nyufa huanza kupiga mluzi na mpaka kutetemeka. Nyufa zisipolingana upande na upande, mpaka huinama, na baada ya mshtuko huzaa mzunguko mmoja mkubwa unaofunika yote mliyotaka kuona.

Je, CO2 inatosha? Chukua wimbi lenye urefu wa sentimita 5 na kimo cha mm 2 kwa Mach 1.2: kwa hewa na CO2 kijikunjo hukua karibu m/s 4, kwa hewa na SF6 karibu m/s 10. SF6 ndiyo gesi iliyotumika kwenye maabara nyingi duniani, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 20,000 za CO2 katika miaka 100, na kila mpigo huiachia hewani. Kwa kazi ya mwanafunzi CO2 inatosha: ndani ya ms 3 hesabu inatoa zaidi ya sentimita moja.

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa hatari yake, maana mazuku, gesi ya volkano inayotuama mabondeni, ni gesi hiyohiyo. CO2 ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, na mashine hii huimwaga kwa dakika kadhaa kila mara. Nyufa zifungwe mpira wa kupeleka gesi nje, na asiwepo mtu anayechuchumaa chini ya bomba wakati wa kujaza, hasa pale bomba linapoingia kwenye shimo sakafuni ili kupata urefu.

Njia hii ndiyo pekee kati ya tatu inayowafaa kweli wanaotaka kupima mchanganyiko hadi kwenye molekuli. Hakuna vipande wala nyaya, na kwenye gesi molekuli husambaa kwa kasi karibu sawa na mnato unavyozima mizunguko. Ila inadai subira na mikono miwili au mitatu iliyozoeana.

Tangi la kudondosha

Hapa hakuna mshtuko hata mmoja, na lazima kusema hivyo wazi kwenye kazi yenu. Jacobs na Sheeley mwaka 1996 waliondoa mgandamizo wa gesi kabisa: tangi la vimiminika viwili hudondoka kwenye reli, hugonga springi, huruka juu, na likiwa hewani vimiminika havina uzito, kwa hiyo kijikunjo hukua bila kuvurugwa na mvutano wa dunia. Hii si hila. Kanuni ya Richtmyer yenyewe hukadiria mshtuko kama msukumo wa ghafla, na tangi hupima msukumo huo ukiwa peke yake.

Chini wekeni maji ya chumvi, gramu 205 kwa kila lita ya maji, yaani asilimia 17. Juu wekeni alkoli ya dawa ya asilimia 70. Namba ya Atwood ni karibu 0.12, na vimiminika hivi viwili hupinda mwanga karibu sawa, kwa hiyo picha haipotoshwi. Ukizidisha chumvi ili kuongeza uzito, mwanga hupotoka, na alkoli huanza kuifukuza chumvi ikawa chembe nyeupe kwenye mpaka. Chumvi ya jikoni huacha maji na ukungu, basi ichujeni kwa kitambaa safi. Kimoja kitiwe rangi ya chakula, na nyuma ya tangi kuwe na paneli nyeupe ya LED.

Upana wa ndani uwe sentimita 12.5. Mtikiso wa upande huzaa nusu wimbi, wimbi moja na nusu, mawili na nusu, na kuendelea; upana huo ukibeba wimbi moja na nusu, wimbi zima lina urefu wa sentimita 8.3. Mdundo wake ni karibu mara 1.5 kwa sekunde. Mota ya wipa ya gari, volti 12, yenye puli ya kuongeza kasi, hufanya kazi hiyo kwa betri. Achia tangi pale wimbi linapofika kileleni.

Sasa springi, ambayo ndiyo hukosewa na wengi. Kwa tangi na kitoroli vya kilo 10 vikidondoka nusu mita, kasi ya kugonga ni m/s 3.1. Springi ya N/mm 110 hubonyea sentimita 3, na mguso huchukua ms 30. Hizo ni springi kadhaa za pikipiki zikiwekwa sambamba, baada ya kupima ugumu wa kila moja kwa mizani. Ukitumia springi laini, mguso hurefuka, na wakati huo mpaka huona uzito mkubwa unaoubana utulie. Badala ya kupata msukumo, hupata bembea. Kwa upande mwingine, kwenye mguso wa ms 30 mchapuko hupita mara 30 ya mvutano, na shinikizo chini ya safu ya sentimita 20 hukaribia kPa 70. Tangi la vioo vya samaki litapasuka siku ya kwanza. Akriliki ya mm 12 yenye boliti ndiyo ya kutumia.

Likiruka kwa m/s 1.9, tangi hukaa hewani karibu sekunde 0.38. Simu ya picha 240 kwa sekunde, ikifungwa kwenye kitoroli chenyewe, hukupa picha 90 za jaribio moja. Kwa anayejua bei ya kamera ya kasi, sentensi hiyo peke yake inaweza kuamua.

Yanayoharibika: kiputo cha hewa juu ya alkoli, ambacho bila uzito huzama katikati ya tangi na kuvuruga kila kitu, kwa hiyo tangi lijae hadi kwenye kifuniko chenye skrubu ya kutolea hewa. Reli yenye msuguano hurudisha mvutano kidogo. Mpaka ukiachwa saa nzima hunenepa zaidi ya mm 2 wenyewe, lakini mrija mwembamba ukinyonya polepole kwenye usawa wa mpaka huukonda tena. Kujaza, alkoli itangulie, kisha maji ya chumvi yaingie chini yake taratibu.

Kisichopatikana hapa ni mchanganyiko wa molekuli. Kwenye vimiminika hivi molekuli husambaa polepole mara mamia kuliko mizunguko inavyozimika, kwa hiyo mtaona mikunjo mizuri ya uyoga ndani ya uyoga, lakini ndani ya sekunde 0.38 vimiminika vimekunjana tu. Msiandike kwamba vimechanganyika.

Uchaguzi kulingana na hali

Kama ni kazi ya mwisho wa masomo ya mwaka mmoja, watu wawili, dari ya kawaida na umeme wa kukatika, tangi ndilo linaloweza kukamilika, na takwimu zake zinalingana moja kwa moja na kanuni. Goma au Bukavu, ambako kupata mitungi ya gesi na mafundi wa vyuma vya vipimo sahihi kunaweza kuchukua muda, uzito wa hoja hii huongezeka. Reli ifungwe kwenye zege lililokaa juu ya mwamba, mbali na barabara ya malori, kwa sababu mawimbi ya mara 1.5 kwa sekunde huamshwa kirahisi.

Kama mko Lubumbashi, karibu na karakana zinazochonga chuma kwa ajili ya migodi, na swali lenu linahusu nguvu ya mshtuko, gesi za aina tofauti, au tofauti ya kupiga kutoka gesi nzito kwenda nyepesi (ambako kijikunjo hujigeuza kwanza kabla ya kukua), bomba lenye utando linawafaa. Someni ukuaji wa ms ya kwanza, acheni zinazofuata.

Kama kuna maabara yenye paa refu, msimamizi atakayebaki miaka mitatu, na nia ya kupima mchanganyiko wenyewe, jengeni bomba wima lisilo na utando. Lianze na sehemu yenye utando kwa mwaka wa kwanza, ili mjue viwambo, piezo na taa zinafanya kazi, na sehemu yenye nyufa iongezwe baadaye. Ili hilo liwezekane, flanji (ukingo wa boliti unaounganisha vipande vya bomba) ya kwenye mpaka ichongwe tangu siku ya kwanza kwa matundu yatakayopokea sehemu zote mbili, na nafasi ya dari ipimwe kwa bomba likiwa limesimama.